Wasiomjua marehemu ndio waalikwe

Ukifungua gazeti lolote la Kiswahili, kurasa za katikati, hukosi kukutana na kijisanduku chenye picha ndogo ya pasipoti na neno KUMBUKUMBU juu yake. Maneno ya chini ni yaleyale miaka nenda miaka rudi: leo umetimiza mwaka mmoja, au mitano, au kumi, tangu ulipotutoka, unakumbukwa na mkeo, wanao, wajukuu, majirani na wote waliokufahamu. Tangazo hilo hulipiwa (na sisi wa magazeti, tuseme kweli, tunalipenda), husomwa asubuhi, na ikifika jioni limekwisha kufungia vitumbua. Sina ugomvi na kijisanduku hicho. Ninachotaka kukitazama ni yale maneno ya mwisho, wote waliokufahamu, maana humo ndimo unamolala udhaifu wa karibu kila njia tunayotumia kuwakumbuka wapendwa wetu. Tunawakumbusha wale ambao hawajasahau. Na watu hao wanapungua kila mwaka. Siku wa mwisho wao atakapofukiwa, marehemu wetu atakuwa amezikwa mara ya pili, safari hii bila turubai.

Katika miji mingi ya Ulaya na Marekani kuna desturi ambayo hapa kwetu haijaota mizizi. Familia iliyofiwa, badala ya kuongeza marumaru juu ya kaburi, huanzisha mfululizo wa matamasha ya muziki wa klasiki kwa jina la marehemu: kanisani, maktaba ya mji, ukumbi wa shule, pengine mara nne kwa mwaka, pengine kila wiki, mara nyingi bila kiingilio. Wanamuziki wanalipwa, mlango unaachwa wazi, anayepita anaingia. Nadhani desturi hii inatufaa, na inatufaa kwa sababu moja kuliko nyingine zote: ikifanywa vizuri humtoa marehemu mikononi mwa waliomjua na kumkabidhi kwa wasiomjua. Ikifanywa vibaya ni arobaini nyingine tu, yenye fidla.

Tuanze na mfano ambao kwa hakika si mfululizo wa matamasha, ila umeyalisha matamasha mengi kuliko wowote ninaoufahamu. Serge Koussevitzky, Mrusi aliyeiongoza okestra ya Boston kuanzia 1924 hadi 1949, alifiwa na mkewe Natalie mwanzoni mwa 1942. Natalie alikuwa binti wa tajiri wa biashara ya chai, na mali ya kwao ndiyo iliyomwezesha mumewe kuwa na okestra yake huko Urusi na kuanzisha nyumba ya uchapishaji iliyotoa kazi za watunzi wapya, akina Stravinsky na Prokofiev. Mjane huyu wa kiume angeweza kujenga mnara. Badala yake aliunda mfuko wa kuwalipa watunzi waandike muziki mpya, yaani aliendeleza kazi ileile ambayo fedha za mkewe zilikuwa zikiifanya alipokuwa hai. Mwaka 1943 akaenda hospitalini New York kumwona Béla Bartók, mtunzi kutoka Hungaria, mkimbizi wa vita, mgonjwa aliyekonda, asiye na kazi ya maana. Mkononi alikuwa na hundi: nusu ya dola 1,000, nyingine ikingoja kazi ikamilike. Simulizi zinaeleza kwamba Bartók alisita, akiogopa kupokea fedha za kazi ambayo huenda asingeimaliza, na mgeni wake akamjibu kwamba mfuko umekwisha kuamua na hundi hairudi ilikotoka. Kati ya Agosti na Oktoba mwaka huohuo Bartók aliandika Concerto for Orchestra. Ilipigwa Boston Desemba 1944, na mwaka uliofuata mtunzi akafariki. Leo okestra kubwa duniani zinaipiga mwaka hadi mwaka. Juu ya ukurasa wake kumeandikwa kwamba ni kwa kumbukumbu ya Natalie Koussevitzky, na jina hilohilo limo kwenye Peter Grimes, opera ya Benjamin Britten iliyoandikwa kwa fedha za mfuko huo na kuonyeshwa London 1945.

Jiulize ni wangapi kati ya wanaokaa kusikiliza kazi hizo wanamjua Natalie. Karibu hakuna. Wala hawaendi kwa ajili yake, wanaendea muziki. Ila bila yeye kufa, na bila aliyebaki kuamua huzuni yake ifanye kazi gani, huenda muziki huo usingekuwapo. Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaodhani kumbukumbu ni kutaja jina. Jina linaweza kutajwa kila siku na mtu akawa amesahaulika kabisa, kama yalivyo majina ya barabara zetu nyingi, ambayo makondakta huyapigia kelele toka alfajiri bila yeyote ndani ya daladala kujua yalikuwa ya nani.

Mfano wa pili uko karibu zaidi na ninachokipigania. Vita ilipoanza 1939, Jumba la Taifa la Picha la London lilibaki kuta tupu. Picha zote zilikuwa zimesafirishwa Wales kukwepa mabomu. Kumbi za muziki nazo zilikuwa zimefungwa. Mpiga piano Myra Hess akaomba jumba hilo litumike saa ya mapumziko ya mchana, na tarehe 10 Oktoba 1939 akapiga mwenyewe, kiingilio shilingi moja, tajiri na karani bei ileile. Foleni ilizunguka nje. Matamasha hayo yaliendelea Jumatatu hadi Ijumaa kwa miaka sita na nusu, wakati wa mabomu yakihamia chini kwenye handaki, yakafikia 1,698, na waliohudhuria kwa jumla wakapita 750,000. Watu walikula mkate wao wa mchana hapohapo. Hess alifariki 1965. Mwaka 1977, huko Chicago, ng'ambo ya bahari, ukaanzishwa mfululizo wenye jina lake: kila Jumatano saa sita na robo mchana, bure, katika jengo la zamani la maktaba ya jiji, chini ya kuba la vioo vya rangi, na redio ikirusha moja kwa moja. Wapigaji ni vijana wanaoanza safari. Wasikilizaji ni wafanyakazi wa maofisi ya jirani, wastaafu, na wengine wasio na pa kwenda mchana wa baridi. Walioanzisha mfululizo huo walimkumbuka Hess kwa kutenda alichotenda: muziki mzuri, saa ya chakula, mlango wazi. Hakuna anayelazimika kumlilia.

Mwambao wetu unalifahamu jambo hili tangu zamani, na una neno lake: wakfu. Mtu hufiwa na mamaye, akachimba kisima, au akaweka shamba la minazi wakfu ili mapato yake yautunze msikiti. Anayeteka maji alfajiri hamjui mama huyo na hana haja ya kumjua. Ndoo inajaa, na sadaka inaendelea kutembea. Silinganishi tamasha na ibada, na yeyote asinisingizie hilo. Ninalinganisha muundo. Wakfu unamlenga mpita njia. Hauulizi ukoo wake. Hauishi kwa machozi ya watoto, ambayo hukauka, unaishi kwa kiu ya watu wengine, ambayo haiishi. Hawa wa Chicago, kwa njia yao, wamechimba kisima.

Najua pingamizi la kwanza litakalonifikia, na nina hakika litakuja kwa sauti ya juu: huo ni muziki wa Wazungu, tuna ngoma zetu. Pingamizi hili lina kiini cha kweli kilichofungwa ndani ya maganda mengi. Kweli, ukumbi wenye watu waliovaa suti wakijibana kikohozi si mahali ambapo mama muuza samaki wa Feri atajiona amekaribishwa. Lakini kumbuka Hess alikuwa Myahudi, na mwezi ule mabomu ya Ujerumani yalipokuwa yakitarajiwa juu ya London, alikaa pianoni akapiga Beethoven, Mjerumani. Hakuona kwamba Beethoven ni mali ya Hitler. Nenda Korogocho, Nairobi, pembeni mwa jalala la Dandora, ambako tangu 2008 mradi wa Ghetto Classics ulioanzishwa na Elizabeth Njoroge unafundisha watoto fidla, selo na tarumbeta kwenye uwanja wa kanisa. Nenda Kinshasa, ambako Armand Diangienda, rubani aliyepoteza kazi, alianzisha 1994 okestra ya waumini wa kanisa la Kimbangu. Fidla zilikuwa chache mno hata wanafunzi wakapokezana, na uzi ulipokatika waliweka waya wa breki ya baiskeli. Mtu aliyekwisha kufunga waya wa breki kwenye fidla huwezi kumwambia muziki huo si wake.

Isitoshe, nani aliyesema klasiki ni ya Ulaya peke yake? Mwaka 1905 tajiri mmoja wa benki, Elkan Naumburg, alianzisha matamasha ya bure ya okestra katika bustani kuu ya New York. Mwaka huohuo wa 1905, Zanzibar, vijana wa mjini waliunda kikundi cha taarabu cha Nadi Ikhwan Safaa. Taarabu asilia yenye kanuni, udi, nai, fidla nne tano na selo moja ni muziki wa klasiki kwa kila kipimo kinachostahili jina hilo: una mabingwa, una makamu (mifumo ya sauti) za kujifunza kwa miaka, una wasikilizaji wanaojua wimbo umeimbwa vibaya. Marehemu wa Ng'ambo au wa Lamu akikumbukwa kwa mfululizo wa taarabu ya kukaa na kusikiliza, si ya kurukaruka, hoja yangu haipungui hata nukta. Makwaya yetu nayo yameimba Handel kwa Kiswahili miaka mingi, mpaka ile Haleluya yake wapo wanaodhani ilitungwa na mwalimu wa kwaya wa usharika wao. Kwa hiyo mgeni tunayemwogopa tunaye ndani siku nyingi, anakula na kulala; kilichobaki ni kumpa kiti.

Pingamizi la dini ni zito kuliko hilo, nami sitalirukia juu juu. Wapo Waislamu wanaoona muziki na marehemu havikai pamoja, na kwamba anachohitaji maiti ni dua. Kwao hoja yangu inaishia kisimani, na kisima kinatosha. Sioni sababu ya kumshawishi mtu aende kinyume na dhamiri yake ili apate kumbukumbu ya kisasa. Lakini wapo pia wengi, wa dini zote, ambao marehemu wao alikuwa mtu wa muziki: mwalimu wa kwaya, mpiga kinanda wa kanisa, fundi wa udi, au mtu tu aliyekuwa akitulia redio inapofika wimbo fulani. Kumfanyia mtu wa namna hiyo karamu ya pilau na kuacha muziki wake ufe ni kumkumbuka kwa tumbo la watu wengine.

Halafu kuna suala la fedha, ambalo wengi hulitoa wakijua ni rungu. Zahanati hazina dawa, watoto hawana madawati, wewe unataka kulipa fidla? Ningeweza kujificha nyuma ya mfano wa Dublin, ambako onyesho la kwanza la Messiah ya Handel, Aprili 1742, lilichangisha fedha zilizowatoa gerezani wafungwa 142 wa madeni, pamoja na kuzisaidia hospitali mbili. Sitajificha huko, kwa sababu hoja ya kweli si kwamba muziki unaweza kuchangisha. Hoja ni kwamba fedha hizi haziibwi kwenye dawati. Tuangalie zinatoka wapi hasa. Msiba wa familia ya kawaida ya mjini una kamati, mwenyekiti na mweka hazina. Una turubai, viti vya kukodi, vipaza sauti, fulana zenye picha ya marehemu kifuani, mpiga video mwenye drone, jeneza ambalo fundi amelipigia vanishi mara tatu, mabasi, ng'ombe. Kenya kuna namba ya kuchangia kwa simu inayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp kabla mwili haujafika mochwari. Mwaka ukitimia, nusu ya hayo yanarudiwa. Sijasema yafutwe, kumzika mtu kwa heshima ni haki yake na ni dawa kwa waliobaki. Ila atakayeniambia kwamba hatuna fedha za kumbukumbu, nitamwomba anionyeshe daftari la kamati ya mwisho aliyoketi. Fulana hamsini za picha zinafuliwa mara tatu, picha inapukutika. Bei yake ingelipa wapigaji wanne kwa mchana mmoja, na watu mia mbili wakakaa kusikiliza.

Na upande wa pili wa daftari hilo kuna wanamuziki wenyewe. Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichofunguliwa Zanzibar 2002 kwenye jengo la forodha ya zamani huko Mizingani, kimefundisha vijana kanuni na udi wakati wazee wa fani walikuwa wanamalizika. Mwaka 2019 kilisikika duniani kikisema huenda kikafunga kwa ukata. Wanafunzi walikuwapo, walimu na ala pia. Kilichokosekana ni mtu wa kuahidi kidogo, kila mwaka, bila kukosa. Tumezoea kuchanga kwa kishindo mara moja. Muziki, kama shamba, unataka palizi. Familia moja inayosema kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa Juni tutawalipa vijana sita wapige saa moja, na kweli ikafanya hivyo miaka kumi, imeufanyia muziki wa mwambao kazi ambayo tamasha moja kubwa lenye mabango ya kampuni ya simu haliwezi.

Kuna mwenye shaka ambaye namheshimu kuliko hao wote. Yeye husema: familia zitachoka. Mwaka wa kwanza ukumbi utajaa, wa pili watakuja shemeji, wa tatu ufunguo wa ukumbi utapotea. Ana haki, na historia ya wakfu wetu uliochakaa, mashamba yaliyouzwa kimya kimya na nyumba zisizokuwa na msimamizi, inamwunga mkono. Jibu ni kwamba mfululizo usijengwe juu ya familia peke yake toka siku ya kwanza. Turudi New York. Elkan Naumburg, mbali na matamasha, alilijengea jiji jukwaa la mawe ndani ya bustani, likakamilika 1923. Yeye akafariki 1924. Wanawe wakaendeleza matamasha kwa kumbukumbu yake. Mmoja wao, Walter, alipofariki 1959 aliacha mali maalumu ya kuyagharimia. Miongo mitatu baadaye jiji likataka kulibomoa jukwaa, na kizazi cha ukoo huo kikaenda mahakamani. Mwaka 1993 ikaamuliwa kwamba zawadi iliyopokewa na umma haibomolewi kwa matakwa ya ofisi. Matamasha yanaendelea, bado bure, zaidi ya miaka mia moja. Ukiitazama kwa makini, haikuwa mapenzi tu yaliyoyabeba. Kulikuwa na hati, bodi, kiasi cha fedha kisichoguswa, na umma uliokwisha kuzoea kwamba majira ya joto yakifika kuna muziki pale. Machozi hayakuwamo kwenye hesabu.

Sisi tuna hatari moja zaidi ambayo New York haikuwa nayo, nayo ni hotuba. Namwona mshereheshaji akisimama: itifaki imezingatiwa. Namwona mgeni rasmi aliyechelewa saa moja na nusu, risala ya familia, neno la shukrani, salamu kutoka kwa mbunge, wasifu wa marehemu kuanzia shule ya msingi, vitenge vya sare safu ya mbele, na huko nyuma ya pazia kijana wa kanuni aliyetumia robo tatu ya saa kukaza nyuzi zake sabini na kitu, tatu tatu kwa kila sauti, akizisikia zinaanza kulegea moja moja kwa joto na unyevu. Mpiga kanuni wa Mombasa au Tanga anajua kwamba ala yake ina dakika zake. Kila hotuba inakula nyuzi. Mpita njia aliyevutiwa na mlango wazi naye ana dakika zake, na akikuta watu wanatambulishana ukoo, atajua papo hapo kwamba hapa hakualikwa.

Kwa hiyo ningeziomba familia zitakazojaribu zikubali masharti machache ambayo hayatazipendeza. Kusiwe na meza kuu. Viti vya mbele wakae waliowahi. Saa iliyotangazwa ndiyo saa. Mwaka mmoja kati ya mitatu, fedha ziende kwa mtunzi kijana aandike kitu kipya, kama Koussevitzky alivyofanya, hata kama wazee wa familia hawatakipenda. Picha ya marehemu isiwekwe jukwaani ikamtazama mpigaji usoni. Na kwenye ile karatasi ya ratiba anayopewa kila anayeingia, majina ya watunzi na wapigaji yaandikwe juu, makubwa, yasomeke bila miwani. La marehemu liwekwe chini kabisa, kwa herufi ndogo, pale ambapo mwenye kiwanda cha uchapaji huwa anaandika jina lake.